Haiku kwa Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na washairi wapya

Maswali haya ndiyo yanayonifikia zaidi kutoka kwa watu wanaoanza: wanafunzi, walimu wa Kiswahili, malenga waliozoea tenzi, na watu ambao hawajawahi kutunga hata ubeti mmoja. Nimejibu kwa urefu penye kazi na kwa ufupi pasipo na mengi. Ninachotaka ni kwamba ukimaliza kusoma uandike, na ulichoandika kitoke nje ya daftari lako.

Haiku ni nini hasa?

Ni shairi fupi lenye asili ya Japani, linalonasa jambo moja lililoonekana, lililosikika, lililoguswa au lililonuswa. Kwa Kijapani huwa na sauti 17, zikigawika 5, 7 na 5. Mwanzo wake ni hokku, ubeti wa kufungulia utungo mrefu ambao washairi kadhaa waliutunga kwa kupokezana wakiwa wameketi pamoja. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa ubeti huo uzito wa kuweza kusimama peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Masaoka Shiki (1867–1902) akautenga kabisa na utungo ule mrefu na kuuita haiku.

Shika hilo la kuketi pamoja na kupokezana. Litatusaidia tukifika kwenye suala la kutuma.

Je, ni lazima mizani iwe 5, 7 na 5?

Mizani ni hesabu ya silabi, na jibu linategemea lugha unayoandikia. Kwa Kiingereza, majarida mengi ya haiku hayadai tena silabi 17, na haiku nyingi zinazochapishwa huko ni fupi kuliko hapo. Sababu ni kwamba silabi ya Kiingereza ni nzito kuliko sauti moja ya Kijapani, na silabi 17 za Kiingereza hubeba maneno mengi mno.

Kiswahili ni habari nyingine. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na sikio letu limelelewa katika kuhesabu mizani. Anayejua shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, tayari ana kipimo cha haiku mwilini: haiku nzima ni mshororo mmoja wa shairi na mizani moja ya ziada. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza kwa Kiswahili ni ashike 5-7-5 kwa muda wa kutosha mpaka vidole viache kuhesabu vyenyewe. Baada ya hapo, ukiona haiku yako inasimama vizuri kwa mizani 14, iache hivyo. Mizani isikulazimishe kutia "sana", "hii" na "kweli" ili kujaza nafasi. Maneno ya kujazia huonekana haraka, maana hakuna mahali pa kuyaficha.

Kuna mtego mmoja wa lugha yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi: "hawatanielewa" peke yake ni mizani saba, mshororo wa kati umekwisha. Ndiyo maana utaona washairi wa haiku wakipenda "ashona" badala ya "anashona" na "yaanguka" badala ya "yanaanguka". Si kujitia ukale. Ni kutafuta nafasi.

Nahesabuje mizani ya maneno kama mbuzi, mbuyu, mvua na mvuvi?

Kwa sikio, si kwa jicho. Mbuzi ni mizani mbili: mbu-zi. Mbuyu ni tatu: m-bu-yu, kwa sababu ile "m" ni kiambishi kinachosimama chenyewe, wingi wake ni mibuyu. Vivyo hivyo mvua ni mbili, mvu-a, ilhali mvuvi ni tatu, m-vu-vi. Nchi na mbwa ni mbili mbili, kwani shina ni fupi na ile nazali hubeba mkazo. Irabu zinazofuatana huhesabiwa kila moja: taa ni mbili, kaanga ni tatu. Mwembe ni mbili, mwe-mbe.

Wajapani nao huhesabu hivyohivyo. Jina la mji wao mkuu, ambalo sisi twalitamka haraka, kwao ni sauti nne, to-o-kyo-o, na "n" ya mwisho wa neno huhesabiwa peke yake. Mshairi wa Kiswahili hahitaji kujifunza upya jambo hili, anahitaji kuliamini sikio lake.

Na vina?

Hapana. Kina kikijitokeza chenyewe, si kosa. Ukikitafuta, utaharibu haiku. Malenga wa vina wasihofu kwamba wanaombwa kuacha urithi wao. Mjadala wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wana mashairi huru, walioviacha, hauna haja ya kufufuliwa hapa, kwa kuwa haiku haishindani na shairi wala utenzi. Ni bahari ngeni, yaani aina nyingine ya utungo, yenye sheria zake.

Sijawahi kuona theluji wala maua ya mcheri. Niandike kuhusu nini?

Swali hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na halistahili. Haiku ya jadi huwa na neno la majira, kigo, na Wajapani wana kamusi nzima za maneno hayo, zinazoitwa saijiki. Kazi ya neno hilo ni kumweka msomaji ndani ya wakati fulani wa mwaka bila maelezo. Neno moja likitajwa, baridi, harufu na rangi ya anga huja zenyewe.

Sasa tazama tulicho nacho. Masika, Machi hadi Mei. Vuli, Oktoba hadi Desemba. Kipupwe cha Juni na Julai. Kaskazi inayovuma tangu Desemba hadi Machi na kusi inayoshika zamu baada yake, pepo zilizopanga safari za majahazi kati ya pwani yetu na Uarabuni kwa karne nyingi. Sidhani kuna watu wengi duniani wenye majina ya majira yaliyo hai kiasi hiki midomoni mwa wavuvi na wakulima. Ongeza kumbikumbi wanaotoka mvua inapoanza, senene wa Bukoba, mikrismasi inayowaka nyekundu Dar es Salaam mwezi wa Desemba, maua ya zambarau ya mijakaranda barabarani Nairobi, mawingu mazito ya Nairobi mwezi wa Julai, maembe, uchumaji wa karafuu Pemba. Ramadhani nayo ina nguvu kubwa ya wakati, ingawa huhama na mwezi mwandamo na haishiki hali moja ya hewa. Kwa hiyo ukiitaja, mpe msomaji na dalili ya jua au mvua.

Nchini Kenya wapo washairi waliokwisha kuanza kukusanya maneno ya majira ya kwao, na klabu za haiku za vijana zimewahi kukutana Nairobi. Kazi hiyo kwa Kiswahili cha pwani, cha bara na cha Kongo bado ni pana. Kila anayeandika haiku nzuri kuhusu kipupwe anaongeza neno kwenye kamusi ambayo bado haijaandikwa. Hii hapa moja niliyoitunga kwa upepo wa kusi:

pepo za kusi –
babu ashona tanga
na hana chombo

Naishi ghorofani mjini. Haiku si lazima iwe ya maumbile?

Shiki aliugua kifua kikuu, akalala kitandani miaka yake ya mwisho na kufariki akiwa na umri wa miaka 34. Alichokuwa nacho ni bustani ndogo iliyoonekana kutoka pale alipolala: madodoki yaliyotambaa kwenye chanja, maua mekundu ya jogoo. Aliandika hayo. Ndiye aliyesisitiza kuchora kwa maneno kile kilicho mbele ya macho, na bado ni fundisho bora kwa anayeanza. Dirisha la ghorofa ya nne linatosha. Kunguru wapo, mvua ipo, jua la saa tisa ukutani lipo.

Vilevile kuna ndugu yake haiku aitwaye senryu, mwenye umbo lilelile, ila yeye hutazama watu na tabia zao, na hahitaji neno la majira. Mjini senryu zimejaa tele: foleni, konda, mpangaji wa chumba cha pili. Kwa mfano:

umeme tena –
mara sote twaacha
kutazamana

Ukituma, huna haja ya kuhangaika ni haiku au ni senryu. Majarida mengi hupokea zote mbili na mhariri ataamua.

Nitajuaje kama nimeandika haiku na si sentensi niliyoikata mara tatu?

Isome kwa sauti bila kusimama. Ikiteleza moja kwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kama taarifa, basi kuna kitu kimekosekana: mkato. Haiku nyingi hukaa kwenye vipande viwili, kimoja kifupi na kimoja kirefu, na kati yake pana pengo. Wajapani wana maneno maalumu ya kukatia. Sisi tunaweza kutumia kistari au kituo cha mshororo.

Chukua sentensi hii: "Mvua ya kwanza iliponyesha nilisikia ndoo zote uani zikitoa sauti tofauti." Ni taarifa nzuri, lakini msomaji hana la kufanya. Kila kitu ameshaambiwa: nani alisikia, nini kilisababisha, kwamba zilitofautiana. Toa "iliponyesha", toa "nilisikia", toa "tofauti". Kinachobaki ni hiki:

mvua ya kwanza –
kila ndoo uani
sauti yake

Kistari kile kimefanya kazi ya "iliponyesha nilisikia". Msomaji sasa amesimama uani yeye mwenyewe, na anaijua ndoo ya bati ililiaje na ya plastiki ililiaje, bila kuambiwa na mtu.

Vipande viwili visielezane. Kama kipande cha kwanza ni "mvua ya kwanza" na cha pili ni "ardhi imelowa", pengo halipo, kwa kuwa la pili limo ndani ya la kwanza. Na visitengane mno, hadi msomaji aulize vimekutanaje. Kupima umbali huo ndiyo kazi yote, na hakuna anayeipata kwa kusoma maelezo. Huja kwa kuandika nyingi na kuona wasomaji wanakwama wapi.

Hisia zangu ziende wapi?

Zibaki kwenye kitu. Wanaoanza wengi huniletea kitu kama hiki:

upweke huu
unanitesa sana
tangu aende

Mizani ni sahihi kabisa, 5-7-5. Lakini msomaji ameambiwa tu kwamba mtu anateseka, naye hana namna ya kuteseka pamoja naye. Mimi humwuliza aliyeandika: uliugundua lini upweke huo? Ulikuwa wapi? Mkononi ulikuwa na nini? Jibu likija, huwa lina mwavuli, au kikombe, au ndala mlangoni. Hapo ndipo haiku ilipo:

masika tena –
mwavuli wake bado
haujalowa

Neno upweke halimo, na hakuna msomaji atakayelikosa. Maneno kama upweke, furaha, uchungu, uzuri na amani yafute yote kwenye rasimu ya pili, uone shairi linadai nini badala yake.

Naweza kutumia methali, mafumbo na tashbihi?

Hapa ndipo malenga wetu wanapata taabu zaidi, kwa kuwa utamu wa ushairi wa Kiswahili umejaa mafumbo, na msomaji wetu amezoea kuuliza "ana maana gani?" Katika haiku, mwavuli ni mwavuli. Usimfanye chura kuwa mwanasiasa. Kama kuna maana nyingine, itajitokeza yenyewe kwa kuwa umekitazama kitu vizuri, na msomaji ataipata kwa hiari yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Chiyo-ni (1703–1775), mshairi mwanamke wa Japani. Alikwenda kuteka maji asubuhi akakuta mmea wa maua umetambaa usiku na kujizungushia ndoo ya kisima. Hakuukata. Akaenda kuomba maji kwa jirani. Haiku yake inasema hayo na hakuna zaidi. Hakusema ua ni uhai wala jirani ni wema. Kila mwanamke aliyewahi kuteka maji anajua kurudi na ndoo tupu kwa ajili ya ua kuna uzito gani.

Nisome nani?

Wanne wanaotajwa daima ni Bashō, Buson, Issa na Shiki. Mimi huongeza Chiyo-ni. Ukianza, anza na Kobayashi Issa (1763–1828). Alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, aliishi kwa dhiki, akaandika haiku zaidi ya 20,000, nyingi zikiwa za viumbe wasiothaminiwa: nzi, viroboto, konokono, vyura. Msomaji wa kwetu humwelewa mara moja. Yosa Buson alikuwa mchoraji, naye atakufundisha rangi na nafasi.

Soma polepole, chache kwa siku. Haiku ishirini mfululizo huchosha kuliko sura nzima ya riwaya.

Niandike ngapi kabla ya kutuma?

Andika nyingi, tuma chache, lakini usisubiri mpaka ujione umehitimu. Mwandishi Mmarekani Mweusi Richard Wright, aliyefariki Paris mwaka 1960, aliandika haiku zipatazo 4,000 katika kipindi chake cha mwisho akiwa mgonjwa. Kati ya hizo alichagua 817. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1998. Huyu alikuwa tayari mwandishi maarufu duniani, na bado aliona zaidi ya tatu kwa kila nne zibaki nje. Kwa hiyo usiumie ukitupa nane kati ya kumi. Ila zile mbili zilizobaki usizifungie kabatini.

Mimi ni mgeni kabisa. Si afadhali ningoje mpaka niwe hodari?

Nakusihi usingoje, na sisemi hivyo kukupa moyo tu. Haiku ilizaliwa kwenye mkusanyiko na haijawahi kutoka humo. Nchini Japani, magazeti makubwa kama Asahi na Mainichi hutenga nafasi kwa haiku za wasomaji, na wanaotuma ni wakulima, wastaafu, wauguzi, wanafunzi. Katika mji wa Matsuyama, alikozaliwa Shiki, kuna masanduku ya haiku yaliyowekwa sehemu mbalimbali. Mpita njia huandika yake na kuitumbukiza, na baadaye zilizochaguliwa hutangazwa. Kampuni ya chai ya Ito En imekuwa ikiendesha shindano tangu 1989 na kuchapisha haiku zilizoshinda kwenye chupa za chai. Hakuna anayesubiri cheti cha umalenga ndipo atume. Kutuma ni sehemu ya kujifunza.

Na kwetu halikuwa jambo geni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, nao wakajibizana humo toleo kwa toleo. Kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania kilisoma tungo za watu waliozituma kwa posta kutoka vijijini. Wazee wetu walituma wakiwa bado wanajifunza, wakasahihishwa hadharani, wakaimarika. Kijana wa leo mwenye simu mkononi anaogopa nini ambacho mzee yule mwenye bahasha na stempu hakukiogopa?

Mhariri naye humtafuta mgeni. Majarida huishi kwa sauti mpya, na haiku ya kusi, ya senene au ya mkrismasi ni kitu ambacho mhariri wa mbali hajakisoma mara elfu. Maua ya mcheri ameyachoka.

Nitume wapi?

Kwa Kiswahili, jaribu kwanza kurasa za ushairi za magazeti na vipindi vya redio vya fasihi. Mhariri aliyezoea vina huenda akashangaa, hivyo ongeza mstari mmoja ukimweleza kwamba hii ni haiku na ina mizani 5-7-5.

Kimataifa kuna majarida ya muda mrefu. Modern Haiku limekuwapo Marekani tangu 1969, na Frogpond ni jarida la Haiku Society of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1968. Uingereza, chama cha British Haiku Society hutoa Blithe Spirit. Kwa Waafrika, Mghana Adjei Agyei-Baah alishiriki kuanzisha mtandao wa Africa Haiku Network na jarida la The Mamba, akionyesha kwamba jua la harmattani, ule upepo mkavu wa jangwani, na vumbi la Afrika Magharibi vinaingia kwenye haiku bila kuomba ruhusa. Tafuta tungo zilizotoka huko uzisome, hata kabla hujafikiria kutuma popote.

Kabla ya kutuma, soma toleo moja zima la jarida unalolitaka. Utajua kwa nusu saa kama haiku zako zitakaa humo.

Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Tunga kwa lugha unayoota nayo. Majarida mengi ya kimataifa yanataka Kiingereza, kwa hiyo utahitaji tafsiri, na ni vizuri uifanye mwenyewe. Usijaribu kubeba mizani 17 kwenda ng'ambo. Beba picha na mkato. Ile haiku ya ndoo kwa Kiingereza itakuwa na silabi chache zaidi, na ni sawa. Baadhi ya wahariri hukubali kuchapisha asili ya Kiswahili kando ya tafsiri, hivyo ziweke zote mbili na uulize kwa adabu.

Maneno kama kanga, ngalawa au masika yaache yalivyo ukiona hayana mbadala. Usiandike tanbihi ndefu. Haiku inayohitaji aya ya maelezo haijakamilika.

Taratibu za kutuma zikoje?

Kila jarida lina masharti yake, nawe uyafuate neno kwa neno, hata yale yanayoonekana madogo. Kwa ujumla utaombwa haiku chache, mara nyingi kati ya tatu na kumi na tano, zikiwa ndani ya baruapepe yenyewe bila kiambatisho. Andika jina lako, mji na nchi. Usitume haiku zilezile kwa majarida mawili kwa wakati mmoja isipokuwa wameruhusu. Heshimu dirisha la kutuma: ukituma kabla halijafunguliwa au baada ya kufungwa, huenda hakuna atakayesoma.

Barua iwe fupi. "Mpendwa Mhariri, nakutumia hapa chini haiku tano ambazo hazijachapishwa popote. Ahsante kwa muda wako." Inatosha. Usieleze kila haiku ina maana gani, wala usiombe radhi kwa kuwa mgeni.

Weka daftari la kumbukumbu: haiku ipi, imeenda wapi, tarehe gani, jibu gani. Bila hilo utajikuta umetuma moja mara mbili.

Nimeshaiweka Facebook au kwenye kundi la WhatsApp. Bado naweza kuituma?

Soma masharti. Majarida mengi huhesabu kilichowekwa hadharani mtandaoni kuwa kimechapishwa. Kundi dogo la faragha la kusahihishana kwa kawaida halina tatizo, lakini ukurasa unaoonekana na kila mtu unaweza kukunyima nafasi. Zile unazozipenda zaidi zitunze mpaka zipate jibu.

Zimekataliwa. Nifanyeje?

Kaa nazo wiki moja, kisha zisome tena kwa sauti. Ile unayoona bado imesimama, itume kwingine bila kuigusa. Ile iliyoanza kulegea, rekebisha. Mhariri anaweza kukataa haiku nzuri kwa sababu tayari ana nyingine tatu za mvua katika toleo hilo. Usimjibu kwa kubishana. Akikuandikia hata sentensi moja ya ushauri, ujue amekuona. Wahariri wengi hawana muda wa kumwandikia asiye na dalili.

Mhariri ametaka nibadilishe neno. Nikubali?

Jaribu neno lake kwa siku mbili. Likiwa bora, kubali na ushukuru. Likiharibu ulichokiona kwa macho yako, mweleze kwa upole kwa nini neno lako ni la kweli zaidi. Kama ametaka kuondoa "masika" aweke "spring", kataa. Si majira yetu.

Kuna malipo?

Majarida mengi ya haiku hayalipi. Mengine hutoa zawadi kwa haiku bora ya toleo. Jihadhari na yeyote anayekutoza fedha nyingi ili uingie kwenye diwani ya pamoja.

Watoto wanaweza kushiriki?

Wanaweza, na mara nyingi hutushinda, kwa sababu hawana haraka ya kueleza maana. Wakfu wa JAL wa Japani huandaa shindano la haiku la watoto wa dunia wasiozidi umri wa miaka 15, haiku ikiambatana na mchoro wa mtoto mwenyewe. Mwalimu mwenye darasa la Kiswahili anaweza kuanza kwa kuwatoa wanafunzi nje kwa dakika kumi bila daftari, kisha warudi waandike kitu kimoja tu walichokiona.

Tupo watu wachache tunaopenda haiku. Tunaweza kuanzisha nini?

Anzisheni kukai. Ni utaratibu wa Kijapani wa kusomeana, na hautaki ukumbi wala bajeti. Kila mmoja huja na haiku tatu, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi, bila jina. Karatasi huchanganywa na kugawiwa upya, na kila mtu hunakili kwa mwandiko wake zile zilizomwangukia, ili mwandiko usimfichue mwenyewe. Nakala huzungushwa. Kila mmoja husoma zote kimya na kuchagua tatu zilizomgusa, zisiwe zake. Kisha chaguo husomwa kwa sauti, na haiku inapotajwa, aliyeitunga hutamka jina lake.

Faida yake ni kubwa kwa sababu mgeni na mkongwe hupimwa kwa mizani moja. Shikamoo huwekwa kando kwa saa moja. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuchaguliwa na watu sita na mwalimu wake asichaguliwe na yeyote, na hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyejua. Baada ya majina kutajwa ndipo mjadala huanza: kwa nini hii ilikushika, kwa nini ile uliipita. Semeni ukweli na mtoe sababu. "Nzuri sana" haimsaidii mtu.

Mkimaliza, kila mmoja achague mbili kati ya zake azirekebishe kwa yale aliyoyasikia, na jarida la kuzipelekea litajwe kabla hamjaondoka.